Aktivesheni imegoma: shida zinazojirudia kwenye mabanda ya Dodoma na pa kuanzia kuangalia

Wakuu habari za kazi. Kila ikifika Julai simu yangu inaanza kuita na maswali ni yaleyale, skrini haisikii, umeme unakata, watu wanapita tu hawaingii, na wanaopiga wengi ni vijana wenzangu wanaotengeneza aktivesheni, yaani lile banda ambalo mgeni haji kusoma bango na kuondoka, anagusa, anacheza, anapiga picha, anatoka na kitu mkononi. Nimeona niandike yote sehemu moja. Nimeyapanga kwa dalili, vile unavyoiona ukiwa umesimama pale Nzuguni kwenye uwanja wa Nanenane mteja amekukazia macho, na kwenye kila dalili naanza na chanzo kinachotokea sana alafu nashuka mpaka kile cha nadra.

Jambo moja niliseme mapema maana limo kwenye karibu kila shida hapo chini. Mabanda mengi yanachorwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, yanajaribiwa mezani na watu wenye vidole laini na waifai ya uhakika, afu yanashushwa Dodoma mwezi wa nane kwenye jua, vumbi na upepo, mbele ya mkulima aliyetoka Kongwa au Mpwapwa na kitochi chake mfukoni. Mara nyingi ukifungua kifaa unakikuta kizima kabisa, ila kilichaguliwa kwa ajili ya mtu mwingine na mahali pengine.

Kabla ya yote uwe na hivi kwenye begi: mausi ya waya, kitambaa laini kikavu, maltimita (kile kipima umeme), tepu, na kebo ya akiba ya kila aina unayotumia. Bila mausi na maltimita utakuwa unabahatisha siku nzima.

"Skrini haisikii kidole"

Hii ndo naanza nayo maana ndo inayopigiwa simu kuliko zote.

Cheki ya kwanza, chomeka mausi. Ukibonyeza kwa mausi programu ikaitikia basi shida iko kwenye mguso. Mausi nayo ikigoma programu imeganda, ifunge uifungue, na kama inaganda kila baada ya saa mbili tatu basi inajaza memori, mwambie aliyeitengeneza aweke ijifungue upya yenyewe kila mgeni anapomaliza. Sekunde kumi za mausi zinakuokoa kufungua skrini bure.

Sasa kama ni mguso, chanzo cha kwanza hapa kwetu ni kidole chenyewe. Kuna mwaka nilikuwa Nzuguni kwenye banda la mbegu, akaja mzee mmoja mrefu amevaa koti zito, asubuhi ile baridi ya Dodoma ya Agosti. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, hiki kinabonyezwaje. Nikamwonesha neno ANZA. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena kwa gumba, kimya, akajaribu kwa ukucha. Dada wa promo akagusa mara moja tu ikafunguka. Mzee akarudisha mkono, akaufuta kwenye koti, akasema labda kinataka watu wa mjini. Nikamwomba mkono. Ncha ya kidole ilikuwa sugu tupu, ngozi imekuwa ngumu na kavu kama gome, kazi ya jembe ya miaka yote ile. Skrini za aina ya simu zinahisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi yenye unyevunyevu, ngozi kavu yenye sugu inauzuia. Kwahiyo lile banda liliwekwa kwa ajili ya wakulima na mtu pekee aliyeshindwa kulitumia ni mkulima, na mimi ndo nilichagua skrini ile. Mpaka leo sichagui kifaa bila kujiuliza kitaguswa na mkono wa nani.

Ukikutana na hilo siku ileile, weka kitambaa chenye unyevu kidogo watu wafute mikono, waambie watumie tumbo la kidole na sio ukucha, na ingia kwenye mipangilio ya skrini, nyingi zina sehemu ya kutumia ukiwa umevaa glavu, iwashe. Kwa banda linalofuata weka vitufe vikubwa vya kubonyeza kweli, vile vya mashine za gemu, vinaunganishwa kwa USB na kompyuta inaviona kama kibodi ya kawaida. Havichagui mkono, mtoto anaelewa, bibi anaelewa, na vumbi haliviui haraka. Fremu za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, nazo zinasikia chochote kinachokatiza mwanga wake, hata kalamu, ila usiziweke juani, nitaeleza hapo chini.

Chanzo cha pili ni vumbi na mafuta ya vidole kwenye kioo. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila nusu saa, mpe mtu mmoja iwe kazi yake. Usipulizie maji wala sanitaiza moja kwa moja kwenye kioo, pulizia kwenye kitambaa.

Cha tatu, kebo. Picha inakuja kwa HDMI ila mguso unakuja kwa USB, ni kebo mbili tofauti, na mara nyingi utakuta kuna mtu kachomoa ile ya USB achaji simu yake. Angalia pia urefu, USB ya kawaida ikizidi mita 5 hivi inaanza kuyumba, unahitaji ile yenye kikuza mawimbi katikati.

Cha nne kinawasumbua wenye skrini mbili: unagusa hii, kishale kinatembea kwenye ile nyingine. Kwenye Windows fungua paneli ya kudhibiti, tafuta mipangilio ya tableti, kuna kitufe cha kuieleza kompyuta skrini ya kugusa ni ipi. Ukichomoa na kuchomeka tena inaweza kusahau, kwahiyo jaribu kila asubuhi.

Kioo kikiwa na ufa, hata mdogo kama unywele, acha. Zima, geuza skrini iangalie ukuta, tafuta nyingine. Usibandike tepu watoto waendelee kugusa.

"Skrini inajibonyeza yenyewe"

Inafungua kurasa, inachagua majibu, watu wanasema ina jini. Chomoa chaja uiendeshe kwa betri. Ikitulia basi ni umeme mchafu, aidha chaja ya bei rahisi au hakuna ethi, ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Hili la ethi kwa Dodoma ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kiangazi udongo wetu unakauka kabisa na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwahiyo hata ile fimbo ya ethi ya jenereta mliyoigongelea chini inaweza kuwa haifanyi kazi yake. Kumwagia maji pale kwenye fimbo kunasaidia kwa muda, lakini kipimo cha ethi apime fundi, sio wewe.

Isipotulia hata kwenye betri, angalia matone ya maji, plastiki ya kioo iliyoingia hewa, na kwa fremu za infraredi angalia kama jua linapiga pembeni ya fremu. Mara nyingi tatizo linaanza saa tisa alasiri na linaisha saa kumi na moja, ukiona saa zinafanana kila siku ujue ni jua, igeuze skrini.

ONYO, na hapa siongezi chumvi: ukigusa fremu ya chuma ya skrini, jukwaa au tenti ukahisi msisimko kama wadudu wanatembea kwenye kidole, zima maini swichi saa hiyohiyo, toa watu, ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Usiseme ni kidogo tu. Mtoto akiwa peku kwenye nyasi zilizomwagiliwa hicho kidogo kinamuua.

"Umeme unakata kila baada ya dakika kadhaa"

Chanzo cha kwanza ni birika. Nasema kweli, mara tatu nimefuata waya kutoka kwenye breka inayoruka nikaishia kwenye birika la mtu wa banda la jirani aliyeomba "soketi moja tu kaka". Birika peke yake linakula wati 2000 hivi. Ekstensheni ya ampia 13 kwa volti 230 mwisho wake ni karibu wati 3000, weka tivi, laptopu mbili, spika, alafu birika, lazima iruke. Kwahiyo kwanza fuata waya wote kwa macho na mikono mpaka mwisho, toa kisichokuhusu, hata kama ni jirani mwema, mpelekee chai ukimaliza.

Pili, ekstensheni ya kuzungusha ambayo haijafunguliwa. Waya ukiwa umejiviringa unabaki na joto lake, unapata moto, ndani kuna kinga inayokata, na kwa nyingine ukipoa inarudi yenyewe, ndo maana unaona umeme unakuja na kuondoka kama una ratiba. Ufungue wote mpaka mwisho. Kama umeshaanza kulainika au unanuka, usiutumie tena, ukate uutupe.

Tatu, jenereta dogo kuliko mzigo. Jenereta lililoandikwa kVA 5 lihesabie kilowati 4 tu, alafu usilipakie zaidi ya robo tatu maana spika kubwa na feni vinavuta umeme mwingi sana ile sekunde ya kuwaka. Washa kimoja kimoja, kikubwa kwanza. Na kompyuta inayoendesha skrini ipate UPS yake, ile betri ya dharura, hata ndogo, dakika kumi za UPS zinatosha kubadilisha mafuta bila wageni kuona skrini ya bluu.

Nne, volti. Pima kwenye soketi kwa maltimita, kawaida yetu ni 230. Ikishuka chini ya 207 au kupita 253 usiwashe vitu vya gharama mpaka uwe na stebilaiza. Na hapa kuna dalili moja ya kutoroka nayo: taa za banda zinawaka kupita kiasi upande huu, upande ule zimefifia. Hiyo mara nyingi ni nyutro imelegea au imekatika kwenye umeme wa fezi tatu na soketi yako inaweza kupokea karibu volti 400. Usikae kuchunguza. Zima kila kitu, ita fundi wa uwanja, na usiruhusu mtu wa banda lako afungue sanduku la umeme eti alisomea veta. Kufungua lile sanduku ni kazi ya aliyelifunga na mwenye leseni.

"Mchana hawaoni kitu kwenye skrini" na "kamera ya mwendo haimwoni mtu"

Mbili hizi nimeziunganisha maana mkosaji ni jua.

Tivi ya sebuleni inatoa mwanga wa niti 300 mpaka 400. Skrini ya LED ya ndani inafika 1000 hivi. Kushindana na jua la Dodoma la saa saba unahitaji niti 5000 na kuendelea, na hizo ni LED za nje ambazo mwenye kukodisha lazima akuthibitishie, sio akuambie tu "inawaka vizuri kaka". Ukishafika uwanjani na tivi huna dawa zaidi ya kivuli, geuza banda lisitazame magharibi, weka turubai jeusi ndani, sogeza skrini nyuma mita mbili. Na picha zako ziwe za rangi mbili nzito na maandishi makubwa, zile rangi za kufifiafifia alizozipenda mteja kwenye laptopu ofisini zinapotea zote.

Alafu pikseli. Kipimo cha haraka wanachotumia mafundi: LED ya P3.9 (hiyo namba ni milimita kutoka taa moja hadi nyingine) mtazamaji asikae karibu zaidi ya mita 4, ya P2.6 mita 2 na nusu hivi. Ukimsimamisha mgeni mita moja kutoka kwenye P3.9 acheze gemu ataona taa na sio picha, na atakwambia skrini mbovu wakati wewe ndo umemsogeza.

Kwa gemu za kuruka na kupunga mikono, kamera nyingi za kina, zile zinazopima mtu yuko umbali gani, zinatumia infraredi na jua limejaa infraredi, kwahiyo nje mchana zinapofuka. Hakuna mpangilio wa kulirekebisha hilo, ni fizikia. Ziweke ndani, kwenye ukumbi kama wa Jakaya Kikwete Convention Centre zinafanya kazi vizuri sana, au ndani ya tenti iliyozibwa. Na kama bado una zile Kinect za Microsoft tunza vipuri, uzalishaji wake ulisimamishwa 2017, na Azure Kinect nayo wakaifunga 2023.

Tableti zikijizima na kuandika kuhusu joto sio uharibifu. iPad kwa mfano Apple wanasema itumike kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na juu ya meza yenye jua unapita hapo haraka. Kivuli, itoe kwenye kava, ipumzike. Usiiweke kwenye deli la barafu, itatoka jasho kwa ndani. Betri ikivimba mpaka kioo kinainuka, izime, usiichaji, usiitoboe, iweke mahali pasipo na vitu vya kuungua, mpelekee fundi.

"Mtandao umegoma, QR haifunguki"

Siku ya kilele, tarehe 8 Agosti, watu maelfu wapo uwanja mmoja na kila mmoja anarusha video. Bando lako la GB 100 halina maana, mnara umejaa. Cheki rahisi ni kubadili laini, kaa na ruta ya laini za mitandao miwili tofauti. Ila dawa ya kweli inafanyika mezani miezi miwili kabla: banda liwe linafanya kazi bila intaneti kabisa. Gemu, picha, video, vyote vikae kwenye kompyuta ya bandani, majina ya wageni yahifadhiwe humohumo na yapandishwe usiku. Nikipewa kazi naizima waifai mbele ya mteja nicheze mchezo wote mpaka mwisho. Ukikwama hata hatua moja haujaisha.

QR yenyewe ikigoma, anza na mwanga, bango la kung'aa linarudisha jua kwenye kamera, tumia karatasi isiyong'aa. Kisha ukubwa, gawanya umbali kwa kumi: mtu anaskani akiwa mita 2, upana usipungue sentimita 20. Acha nafasi nyeupe kuzunguka pande zote, wabunifu wanapenda kuijaza maua. Linki nayo ikiwa ndefu inafanya vidoti viwe vidogo mno, ifupishe, na hakikisha ile huduma ya kufupisha haiishi muda siku ya pili ya maonesho, imetokea.

Alafu kuna jambo ambalo sio la ufundi. Simama getini Nzuguni uhesabu simu, wenye vitochi sio wachache. Na mwenye simu janja naye anahesabu bando lake, ukimpa ukurasa wa MB 20 anakuangalia, anafunga. Ukurasa usizidi MB 1, na pembeni uwe na njia ya pili, kadi ya karatasi, SMS, au dada mwenye tableti anayemwandikia. Nani kasema mwenye kitochi sio mteja? Kwenye maonesho ya kilimo huyo ndo anayenunua mifuko kumi ya mbolea.

"Watu wanapita tu, hawaingii" na ndugu yake "foleni ndefu, watu wanakata tamaa"

Huku hakuna breka ya kuangalia na ndo maana watu wanarukia hitimisho, utasikia "watu wa Dodoma wazito". Sio kweli. Mimi nimewaona wakijaa Nyerere Square wakimzunguka mpiga zeze mmoja tu, hana skrini hana spika. Tafuta chanzo.

Kinachotokea sana: hawajui kama wanaruhusiwa. Banda lina zulia jeupe, meza mbele kama kaunta ya benki, vijana wawili wamevaa suti wanachati. Mama ametoka kwenye vumbi anaangalia viatu vyake, anaangalia zulia, anapita. Hili nimelikaa nikalitazama siku nzima na likaniuma, maana ni sisi tuliolichora. Toa meza, toa zulia, weka mchezo wenyewe mbele kabisa nje ya tenti ambapo wapitao wanamwona mwenzao anacheza. Msimamishe mtu anayejua kusalimia. Mshereheshaji akianza na "Mbukwenyi!" utaona vichwa vinageuka, kwasababu amewasalimia wenyeji kwa Kigogo na sio kwa tangazo.

La pili ni lugha. Skrini imeandikwa Kiingereza kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwasababu kampuni kuu iko nje. Kiswahili kifupi, maneno matatu, BONYEZA UCHEZE HAPA.

La tatu, mgeni haoni atapata nini. Zawadi imefichwa kwenye boksi nyuma. Itundike juu. Kofia na ndoo ndogo vinamvuta mkulima kuliko kalamu yenye nembo.

La nne, maelezo marefu. Jaribu hivi kabla ya siku: mwite mtu asiyehusika, bodaboda wa hapo nje ya ofisi anafaa sana, msimamishe mbele ya mchezo, nyamaza kimya. Akipitisha sekunde kumi bila kujua afanye nini, rudi ukachore upya. Usimweleze, maana siku yenyewe hutakuwepo kumweleza kila mtu.

Sasa foleni. Hapa ni hesabu tu na inashangaza wangapi hawaifanyi. Mchezo wa dakika 2 na skrini moja ni watu 30 kwa saa, kwa saa 6 ni watu 180. Mteja anataka 1000? Basi skrini sita, au mchezo wa sekunde 20, au kitu ambacho watu kumi wanafanya kwa pamoja kama kushindana kupiga makofi mbele ya kipima sauti. Kama umeshafika na skrini moja, gawa namba za kwenye vikaratasi watu wazunguke warudi, toa hatua ya kujaza fomu ihamie kwenye foleni kabla ya kufika kwenye mchezo, na weka kivuli na maji pale wanaposubiri. Foleni ikianza kusukumana, watoto wako mbele na waya ziko chini ya miguu, simamisha mchezo, zima muziki, ita usalama wa uwanja. Usijaribu kuituliza kwa kurusha fulana, kurusha fulana ndo kunakosababisha watu kukanyagana.

"Bango la picha linaondoka na upepo"

Fupi ila ni ya hatari kuliko zote. Kiangazi chetu kina upepo wa ghafla na vile vimbunga vya vumbi vinavyoibuka mchana. Bango la mita 3 kwa 2 likipigwa na upepo wa kilomita 54 kwa saa linasukumwa kwa nguvu ya kilo 80 na zaidi, na upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Kiroba kimoja cha mchanga kwenye mguu mmoja ni mapambo tu.

Anza kwa kuangalia uzito kwenye kila mguu, kisha kamba na vigingi, kisha kama bango lina matundu ya kupitisha upepo. Bango la wavu linafaa zaidi hapa hata kama picha inapungua ukali kidogo. Funga viroba chini kwenye miguu, visining'inie vikibembea.

Fremu ikianza kutembea au nguzo kuinuka ardhini, toa watu kwanza kabla hujashika kitu. Usimwambie kijana ashikilie nguzo. Na chochote kinachoning'inizwa juu ya vichwa vya watu, LED, spika, trasi (zile fremu za chuma za kubebea vitu), kifungwe na wenye kazi hiyo na wakipandisha wao washushe wao.

"Walicheza sana, ila hakuna anayekumbuka brandi"

Simama mita hamsini kutoka bandani, waulize watu kumi waliotoka humo, "umetoka banda la nani?" Wakisema "lile la gurudumu", basi mchezo haukuwa na uhusiano na bidhaa. Gurudumu la kuzungusha linafaa kwa benki, kwa soda, kwa saruji, kwahiyo si la yeyote. Kwa mteja wa zabibu tuliweka vichala vya aina mbili na kitambaa cha macho, onja ubashiri kipi ni cha mvinyo na kipi cha kula mezani. Hakukuwa na skrini hata moja. Walikuwa wanabishana mpaka kwenye daladala, na wanataja jina la shamba.

Namba za simu zikija za uongo, ujue uliziomba kabla hujatoa chochote, au umeomba vitu vingi. Omba kimoja, baada ya mchezo, mwambie utakitumia kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, kwahiyo kabla ya kukusanya majina, namba na hasa picha za watoto, mteja aongee na mwanasheria na Tume inayoisimamia. Na bahati nasibu ya zawadi waulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha mapema, sio asubuhi ya kilele.

Fomu za karatasi zihesabu asubuhi na jioni, zifunge, ondoka nazo mwenyewe. Mwaka juzi nilinunua karanga stendi, nikakunjua karatasi nikakuta majina kumi na mbili na namba za simu, mstari wa saba mtu ameandika kwa mkono wa kutetemeka, herufi kubwa kubwa, na pembeni kaweka kijiji anachotoka.